Bareti za Hamidu na Mzigo wa Deo

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Mtu mnamwambia asije kazini tena, halafu mnampa saa! Haya, nimeitundika jikoni, na kila asubuhi inanionyesha vizuri ule muda ambao zamani ningekuwa nafungua mlango wa karakana. Nashukuru. Pamoja na saa mliniomba niwaandikie tulivyoanza, kwa kuwa ninyi mmeikuta karakana yetu ya kompyuta ina meza za chuma na taa juu ya kila meza, mkadhani ilizaliwa hivyo. Nitaandika. Ila anayetaka kusikia nilipandishwa cheo lini na mshahara ulikuwa kiasi gani, afungue simu yake aendelee kucheza, hapa hatapata kitu.

Nilifika Gisenyi, hapa Rwanda, mwaka wa tisini na sita nikitoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na wazazi waliokimbilia kule zamani. Nilikuwa na begi moja, cheti cha kupiga chapa, na mwaka mmoja wa kutengeneza redio kwa fundi wa Bukoba aliyeniachisha kazi kwa sababu, alisema, nina mdomo. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama, na Kiswahili changu kiliwachekesha watu. Siku ya kwanza sokoni nilisema, "Naomba unipunguzie bei, tafadhali," na muuza nyanya akawaita wenzake waje wasikie. "Mukuje! Huyu anaongea kama redio!" Tangu siku hiyo watu wa soko waliniita Tanzania, na wengine mpaka leo hawajui kwamba naitwa Yustina.

Kazi niliipata nyuma ya soko, kwenye chumba cha mlango wa bluu kilichoandikwa kwa rangi Secrétariat Public. Maana yake: huna mashine, huna mwandiko mzuri, njoo tukupigie barua yako. Wenye chumba walikuwa wawili, marafiki walioweka mtaji pamoja. Wa kwanza alikuwa Hamidu, muuza vitenge, mtu wa mjini ambaye babu yake alikuja kufanya biashara akabaki, akaoa, akazikwa hapa hapa. Wa pili alikuwa Deogratias, Deo, aliyerudi kutoka Uganda, mfupi, tumbo mbele, tai shingoni hata Jumamosi. Ndiye aliyeleta kompyuta mbili kutoka Kampala zikiwa zimefungiwa katikati ya magodoro. Hamidu hakujua kuwasha kompyuta wala hakutaka kujua. "Mi sijui kushona pia," alisema, "na nguo nauza."

Miaka ile barua nyingi tulizopiga zilikuwa za kutafuta watu waliopotea wakati wa vita. Mtu anaketi mbele yako, anataja jina la mtoto, umri, nguo aliyovaa mara ya mwisho, na wewe unapiga. Mwanzoni nililia na wateja, mpaka Deo akaniambia machozi yanaingia kwenye kibodi. Sikumpenda siku hiyo. Baadaye nilielewa kwamba na yeye alikuwa na barua zake mwenyewe, alizipiga Jumapili wakati mimi niko kanisani, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Kila nilichowafundisha kuhusu mashine kilitoka kwa Deo. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani, shika kwanza chuma cha kasha, kwa sababu mwili wako una umeme. Vumbi la mlima wetu wa volkano si kama vumbi la barabara, ni kali, linakwaruza, kwa hiyo usilipanguse kwa kitambaa, tumia brashi laini ya rangi. Mashine ikigoma kuwaka, kabla hujamtisha mwenye mashine, chomoa bareti, yaani memori, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha. Nusu ya wagonjwa wangu wa maisha yote niliwaponya kwa kifutio. Wateja wakiuliza nimefanya nini, nilisema nimefanya kazi ya kitaalamu.

Hamidu naye alinifundisha kuongea na watu. "Tanzania," alisema, "mashine ya mutu ikikufa, usimuambie akiwa amesimama. Muambie akae kwanza. Mutu akiwa amekaa, habari mbaya haimuangushi." Alifanya hivyo hivyo na wateja wake wa vitenge waliomkopa: kiti kwanza, maneno baadaye. Mpaka nimestaafu sijamwambia mteja aliyesimama kwamba mashine yake imekufa, na ninyi msithubutu.

Sasa niwaeleze dau, maana najua ndilo mnalolisubiri, mmekuwa mkilisikia vipande vipande.

Ilikuwa baada ya Idi, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane. Binamu wa Hamidu alirudi kutoka Dubai na mkebe wa biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti, mlikuwa na bareti. Bareti ni jina la hapa kwetu, la Kifaransa, la memori ya kompyuta: vijibao vyembamba vya kijani, urefu wa kidole, vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Kila kimoja kilikuwa kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha. Hamidu alikuwa amenunua mkebe mzima, kwa fedha ya vitenge vyake, bila kumuuliza Deo.

Deo alifungua, akatazama, akafunga. "Yewe, Hamidu. Umenunua hizi za kuuza lini?"

"Siuzi sasa. Naweka."

"Unaweka bareti? Bwana, hizi si maharage! Kila mwaka viwanda vinatoa mara mbili ya mwaka jana. Bei inashuka tu, inashuka, mwaka kesho watakupa moja bure ukinunua sabuni."

Hamidu akanywa chai yake ya maziwa polepole. Alikuwa na tabia hiyo, ukimpigia kelele anakunywa. "We Deo, mi nimezaliwa kwa hii barrière, hapa mpakani. Sukari, barrière ikifunga, inapanda. Mafuta inapanda. Chumvi inapanda, na chumvi haina hata akili. Na hii vita haijaisha, we unajua. Sasa bareti iko nani, isipande?"

"Bei yake haiko barrière! Iko Asia!"

"Asia hakuna barrière?"

Deo alishika kichwa. Mimi nilicheka mpaka nikaharibu barua ya mtu. Hapo ndipo walipowekeana dau. Kwamba kabla ya Ramadhani ya mwaka wa tisini na tisa kuandama, bei ya bareti huko Kampala, ambako Deo alinunulia vitu vyake, itakuwa juu kuliko siku ile, alisema Hamidu. Itakuwa chini, alisema Deo. Hawakuweka fedha, maana dini ya Hamidu haikuruhusu kamari na Deo alikuwa mbahili. Waliweka mgongo. Atakayeshindwa atabeba mzigo wa mwenzake kuvuka Petite Barrière, mgongoni kama mbeba mizigo, mchana, mbele za watu, bila kushusha na bila kusaidiwa. Mzigo wowote atakaotaja mshindi. Walishikana mikono juu ya mkebe na mimi nikawa shahidi.

Kwa ninyi msiokwenda kule: Petite Barrière ndio mpaka mdogo wa kwenda Goma, upande wa Congo, wa watu wa miguu, na wakati ule ndiko mji mzima ulikokuwa. Habari ilifika huko kabla hatujaosha vikombe. Wabeba mizigo walianza kumuuliza Deo kama ameshanunua kamba ya kubebea. Mmoja akampima mabega kwa macho akasema, "Patron, hii mabega ni ya kalamu." Kila mwisho wa mwezi Deo alikwenda posta kupiga simu Kampala, akarudi anatembea kama bwana harusi. "Imeshuka!" Hamidu alijibu jibu moja tu: "Ramadhani haijafika."

Hizo ndizo zilikuwa furaha zetu mwaka huo, na nawaambia hazikuwa nyingi. Milimani kulikuwa na vita. Watu wa Mudende walikuwa wanashuka mjini na magodoro na mbuzi, wengine bila mbuzi, wengine bila watu waliotoka nao nyumbani. Barabara ilipitwa kwa misafara ya magari yenye ulinzi wa askari tu. Barua za kutafuta watu zilizidi mpaka tukaishiwa wino, na wino ulikuwa umepanda bei, jambo ambalo Hamidu alilitaja mara nyingi.

Mwezi wa nane Hamidu alivuka kwenda Goma kuchukua vitenge. Alifikia kwa dada yake, mtaa wa Birere, ambao uko karibu na mpaka kiasi kwamba ukisimama upande wetu unaona mabati yake. Alisema atarudi alasiri. Alasiri hiyo kulikuwa na risasi upande ule, na barrière ikafungwa.

Kufungwa tulikuzoea. Tuliambiana kesho. Kesho ikawa kesho nyingine. Mkewe, Zuhura, ambaye sote tulimwita Mama Amina kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa anakuja kusimama kwenye kamba ya mpakani pamoja na wanawake wengine wenye watu wao ng'ambo, wanatazama mabati. Deo alikwenda naye kila siku. Alijaribu Kiingereza chake kwa askari, alijaribu tai yake, hakuna aliyemsikiliza.

Barrière ilipofunguliwa kidogo, wa kwanza kuvuka walikuwa wabeba mizigo, na mmoja wao alikuja moja kwa moja kwenye mlango wetu wa bluu. Alimtazama Deo, akavua kofia. Hamidu alishikwa na homa siku ya pili tu. Dawa hakuna, maduka yamefungwa, nje risasi. Alikuwa ameshazikwa.

Deo hakuweza kusimama. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilimkuta Mama Amina uani anaanika nguo, na nikasema nilivyofundishwa. "Mama Amina, kaa kwanza."

Alinitazama. Alikuwa mke wa Hamidu miaka yote hiyo, alizijua mbinu za mumewe kuliko mimi. "Sikai," alisema.

"Kaa, dada yangu."

"Sikai, Tanzania! Nikikaa utasema!"

Nikasema akiwa amesimama. Katika maisha yangu yote ya kazi na ya nje ya kazi, hiyo ndiyo habari mbaya pekee niliyomwambia mtu aliyesimama, na hakuanguka. Alimalizia kuanika zile nguo. Ni afadhali angeanguka.

Kwa desturi yao mjane anakaa eda, miezi minne na siku zake, hatoki kwenda kutafuta riziki. Vita haikai eda. Amina, aliyekuwa shule ya bweni na mwenye kichwa kizuri cha hesabu, alirudi nyumbani kumsaidia mama na kulea wadogo zake wawili wa kiume. Asubuhi alikuwa anashuka Rubona kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, anavuka kuwauza Goma na beseni kichwani. Alikuwa anapita dukani kwetu kunisalimia na sare yake ya shule imegeuzwa nguo ya kazi, magamba ya samaki yamegandia kwenye pindo. Nilimpa chai. Sikuwa na kingine.

Kisha wezi wakaingia nyumbani kwa Hamidu wakachukua vitenge vyote, redio, hata mikeka. Bareti hawakuzipata, kwa sababu Mama Amina alikuwa amezificha kwenye gunia la makaa jikoni. Hakuna mwizi wa Gisenyi anayefungua gunia la makaa, anajua litamchafua mikono na kesho atajulikana. Ila mkebe wake ulikuwa umepata kutu ukawa haufungi vizuri, kwa hiyo alimwaga zile bareti kwenye makaa kama zilivyo. Na ili ziingie zote chini bila kuchomoza, alizitoa kwenye mifuko yake ya rangi ya fedha.

Wanangu, mnajua maana yake. Unga wa makaa unapitisha umeme. Ukiwasha mashine na bareti yenye unga huo katikati ya meno, umeichoma. Aliponiletea, zilikuwa nyeusi zote, amezifunga kwenye kanga, na yeye ametoka eda siku chache tu. "Zitazame," alisema. "Hii ndiyo mali Hamidu ameacha. Hakuna ingine. Zikiwa nzuri, Amina anarudi shule. Zikiwa mbaya, basi, abebe samaki."

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na baadaye nimefufua mashine zilizoanguka ziwani. Brashi kwanza, kavu. Halafu spiriti na pamba, jino moja moja. Halafu zianikwe. Halafu kifutio. Halafu kuijaribu kila moja kwenye mashine yetu mbovu zaidi, na kila nilipobonyeza swichi nilifunga macho. Ilichukua wiki nyingi, kwa sababu barua zilikuwa zinaendelea. Deo alikuwa anakaa pembeni yangu, ananipasia pamba. Zilizokufa zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka kumwambia Mama Amina. Alipokuja nilimvutia kiti. Safari hii alikaa.

"Nusu na kidogo ni nzima," nilisema.

Alikubali kwa kichwa, akasema Alhamdulillahi, akaomba zikae dukani. Nikazifunga kwenye zile karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, mifuko tena hatukuwa nayo.

Bei, sasa. Bei ilikuwa inafanya kama Deo alivyosema. Ilishuka na ilishuka. Kila mwisho wa mwezi alikwenda posta, akarudi na uso wa mtu aliyetoka hospitali. "Nashinda," aliniambia. "Yustina, bado nashinda." Siku nyingine alikaa na tai mkononi akasema, "Kwa nini sikunyamaza siku ile? Angeziuza tu." Nilimwambia ukweli, kwamba Hamidu hakuwa mtu wa kubishiwa wala wa kutobishiwa, angeziweka vyovyote vile. Hakunisikia.

Mwishowe alimwita Mama Amina.

"Mama, niuzie mimi zile bareti. Kwa bei ile ile aliyonunulia marehemu."

"Bei si imeshuka?"

"Imeshuka kidogo."

"We Deo." Alikuwa na beseni la sambaza miguuni, maana sasa yeye na Amina walibeba wote wawili. "Unataka kunipa sadaka na unaiita biashara. Mi namuona Amina kila asubuhi, moyo unaniuma, usifikiri siumwi. Lakini mzee alisema Ramadhani. Nitangoja Ramadhani."

"Mzee hayupo, mama."

"Dau iko."

Akajitwisha beseni lake akaenda. Deo alibaki anatazama mlango. Nilimkasirikia Mama Amina siku ile, sitaficha. Niliona ukaidi wa Hamidu umehamia kwake, na anayelipa ni mtoto.

Mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na tisa, redio ilisema kumekuwa na tetemeko kubwa la ardhi Taiwani. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo hatuhitaji kuelezwa tetemeko ni nini, vikombe vyetu vinacheza vyenyewe kabatini. Tulisikiliza, tukawahurumia, tukaendelea na barua. Hakuna aliyefikiria bareti. Deo ndiye aliyekwenda posta mwisho wa mwezi kama kawaida, na aliporudi hakuwa na uso wa hospitali. Hakuwa na uso wowote. Alikaa.

"Viwanda vilisimama," alisema. "Umeme ulikatika kule, viwanda vya memori vikasimama. Kampala hazipatikani. Bei imepanda, Yustina. Imepita ile ya siku ya dau. Imepita mbali!"

Niliruka. Nawaambia niliruka, mwanamke mzima. Tulikimbia wote wawili mpaka sokoni, tukamkuta Mama Amina amechuchumaa anapanga samaki, na Deo akasema yote kwa pumzi moja: tetemeko, viwanda, Kampala, bei.

Mama Amina alifuta mikono kwenye kanga. "Watu wamekufa kule?"

Deo akashika tai yake.

"Nakuuliza. Watu wamekufa?"

"Wengi, mama."

"Wanatafutana?"

"Nadhani wanatafutana."

Aliinamisha kichwa akaomba dua, midomo tu, hapo hapo katikati ya samaki na nzi. Halafu akasema, "Nitauza. Mtoto asome. Lakini Tanzania, tafazali, musifurahi kwa sauti." Nilikuwa bado natabasamu, na lile tabasamu sikujua nilipeleke wapi.

Tuliziuza zote. Ofisi za misaada za Goma zilikuwa na hofu ya mwaka elfu mbili, kwamba kompyuta za zamani zitagoma tarehe ikibadilika, kila moja inaongeza memori kwenye mashine zake, na hakuna aliyekuwa na bareti mkononi isipokuwa mjane mmoja wa Gisenyi. Niliwapa mwezi wa kuzijaribu na hakuna iliyorudi. Amina alirejea shule mwaka umeshampita, akamaliza. Sasa ni mkubwa wa hesabu mahali fulani, na hapendi kompyuta hata kuzisikia.

Nilidhani yameisha. Deo naye alidhani. Wiki moja kabla ya Ramadhani, Mama Amina alikuja dukani amevaa vizuri, akasimama mlangoni.

"Deo, mzee ameshinda. Mzigo iko nyumbani."

Deo alicheka kwanza, kisha akaona yeye hacheki.

Inabidi mjue jambo moja kuhusu Goma. Mji ule umejengwa juu ya mawe ya volkano, meusi, magumu. Kaburi huchimbwa kwa mitalimbo, na wakati wa risasi nani ana muda wa mitalimbo? Hamidu walimlaza kwenye shimo fupi wakamfunika kwa kile kilichokuwepo. Mama Amina alikwenda kumtazama alipotoka eda, na hakuwahi kutuambia alichokiona mpaka siku ile. "Walimuweka mawe juu," alisema. "Mawe tu, kama barabara. Wale wavulana wake hawakumumwagia baba yao hata kiganja kimoja ya udongo. Basi mzigo ya mzee ni hiyo. Udongo ya kwake, ya nyuma ya nyumba."

Gunia lilikuwa dogo, la viazi vya Mudende, limejaa udongo mpaka mdomoni, limeshonwa. Wavulana wawili walilisukuma, Deo akainama, likamkaa mgongoni, na tai ikaning'inia mbele mpaka magotini. Tulitembea nyuma yake: Mama Amina, watoto wake watatu, na mimi.

Barrière walimwona kutoka mbali. Kelele! "Patron ameshindwa! Patron amekuwa mubebaji!" Watu waliacha biashara zao. Mmoja alimfuata anampigia mbiu kwa beseni. "Papa Deo, viazi kilo ngapi?" Deo alikuwa anahema kwa mdomo, jasho linadondoka kwenye miwani.

Afisa wa forodha akamzuia. "Shusha, tuone."

"Sishushi."

"Shusha, mzee, ni sheria."

"Nikishusha nimevunja dau. Kagua hapa hapa mgongoni."

Afisa alitoboa gunia kwa fimbo yake ya chuma, akaichomoa, akatazama ncha. Akanusa. "Hii ni udongo."

"Ndiyo."

"Udongo tu? Unapeleka udongo Congo? Kufanya nini?"

"Ni ya Hamidu," alisema Mama Amina nyuma yetu. "Muuza vitenge. Ni ya kaburi yake."

Hamidu alikuwa amevuka pale maisha yake yote, na hakuna mbeba mizigo ambaye hakuwahi kubeba robota lake. Yule wa beseni aliacha kupiga. Mtu mmoja akasema, "Pisheni," na mwingine naye akasema, na njia ikafunguka. Mbeba mizigo mmoja, mtu mkubwa, alikuja akainama kumpokea Deo lile gunia, Deo akamwambia hapana, ndugu, asante, hairuhusiwi. Yule mtu akabaki anatembea pembeni yake, mikono tupu, mpaka upande wa pili.

Tulipovuka nilimwambia, "Bwana Deo, dau lilikuwa kuvuka tu. Umevuka. Shusha."

"Hamidu hayuko hapa," alisema, akaendelea.

Makaburini Mama Amina alionyesha kwa kidole. Deo alipiga magoti kwanza ndipo gunia likashuka. Wavulana walikata uzi. Kila mmoja alichota kwa viganja akamwagia, mara tatu kwa desturi yao: wavulana, Amina, mama yao, na mimi. Udongo wetu ulikuwa na mizizi ndani, na kipande cha kikombe cha chai. Ulijaza nafasi zote kati ya mawe, tukamimina na uliobaki tukausawazisha kwa mikono mpaka mawe hayakuonekana tena.

Deo alikuwa amepiga magoti vile vile, mgongo umekataa kunyooka. Alisema kwa ile sauti yake ya ugomvi, aliyokuwa akimrushia mwenzake ng'ambo ya meza.

"Haya, Hamidu. Imepanda, bwana. Umefurahi?"

Alingoja kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kunywa chai. Kisha tukamnyanyua, mimi mkono mmoja na Mama Amina mwingine, tukatembea haraka, tukavuka kabla barrière haijafungwa.